Mteja Namba Arobaini na Moja

Ofisi ya mizigo siku ya Jumatatu haina adabu. Foleni inaanzia kaunta, inazunguka mizani na kutokea barabarani, na kila aliyemo anaona haja yake ndiyo kubwa kuliko za wenzake. Siku hiyo karani wa zamu, mtu mwenye sauti ya mnadani, alikuwa ameinua katoni ya kahawia juu ya kichwa na kuitikisa.

"Kubwa hivi, halafu nyepesi! Kuna nini humu?"

Aliyeulizwa alikuwa kijana mrefu aliyevaa ovaroli ya kijivu, na ndani yake shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi mpaka kola. Akanyoosha mikono kuipokea katoni. Foleni nzima ikanyamaza ili isikie jibu.

"Mapazia hayo!" mwanamke mmoja akadakia kutoka nyuma. "Mpe mwenyewe mzigo wake, kaka. Wengine tuna kazi."

Alikuwa na haki ya kujiamini hivyo, kwa sababu katoni ile aliifunga yeye kwa mikono yake. Alikuwa mfungaji katika ghala linalouza nepi za watu wazima kwa wateja wasiotaka ijulikane, na ufundi wake ulimpa jina la Gundi. Katoni zake hazikuwa na maandishi ila namba, hazikunuka, na nailoni ya ndani aliikandamiza mpaka ikaacha kuchakacha. Aliutambua mkunjo wa selotepu yake pale pale, ingawa namba hakuiona.

Kijana alimngoja nje, katoni kwapani.

"Dada, asante. Umejuaje ni mapazia?"

"Nimebahatisha."

"Na ungebahatisha sufuria?"

"Ungeenda kupika."

Akacheka, na kicheko kikamwondolea uchovu wa miaka usoni. "Mimi ni fundi wa lifti. Ukikwama ghorofa yoyote, nipigie."

"Na nisipokwama?"

"Piga hivyo hivyo. Nitakuja kukukwamisha."

Gundi alipiga jioni ile ile. Tusimseme vibaya, shati lile lingempigisha simu mtu yeyote.

Mapenzi yao yakashika kasi. Fundi alimwambia anaishi peke yake, na Gundi akapiga hesabu zake: mtu anaishi peke yake, anapokea nepi, basi ni zake. Alilifikiria jambo hilo siku mbili, akaona halimpunguzii mtu kitu. Kazini walikula kiapo cha kutotaja siri ya mteja, kwa hiyo akaamua kumpenda na siri yake, na kumngoja aiseme mwenyewe.

Kilichomtisha kilikuwa kingine.

"Umekula, mpenzi?" alimuuliza siku moja kwenye simu.

"Tumekula."

"Wewe na nani?"

"Mimi na njaa yangu."

Gundi alicheka, kisha akaacha. Nyuma ya pumzi za fundi wake kulikuwa na pumzi nyingine, nzito, za polepole, karibu kabisa na simu.

"Kuna mtu hapo?"

"Redio hiyo, mpenzi."

Gundi hakuwahi kusikia redio inayovuta pumzi, lakini mwanamke anayependa hujifanya kiziwi anapotaka. Alijifanya kiziwi miezi saba.

Kazini, mchana, alipokea pia simu za maagizo. Wateja hawakuwa na majina, walikuwa na namba. Aliyempenda kuliko wote alikuwa namba arobaini na moja, mzee mwenye Kiswahili kilichonyooka kama mistari ya daftari.

"Binti, mmefunga vizuri?"

"Vizuri, mzee. Hata ikitikiswa haisemi."

"Jirani hajui?"

"Hajui mtu."

"Safari hii niletee saizi ndogo zaidi. Napungua."

Ilikuwa mara ya tatu mwaka huo kushuka saizi. "Kula basi, mzee wangu," Gundi alimsihi.

"Mfu hali, binti. Mimi walishanilia. Walikuja wengi, nikawasikiliza wote. Mmoja alinisifu uongo mtupu."

Gundi alicheka mpaka meneja akageuka. Alipokata simu, alikuta vinyweleo vya mikono vimemsimama, na hakujua kwa nini.

Siku fundi alipomwalika nyumbani, Gundi alivaa gauni la kijani lenye vifungo vya mbele na viatu vya kisigino kifupi. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali. Jirani, mama mmoja mnene aliyekuwa anaanika nguo, akamsimamisha getini.

"Afadhali umekuja, mwanangu. Kijana wa watu amebaki mpweke tangu baba yake afie ugenini. Mwalimu mkuu yule! Tulimlilia hapa hapa sebuleni kwao, mwaka juzi."

Ndani mapazia yalikuwa yamefungwa. Sebule ilikuwa safi mno, na ilinuka poda ambayo Gundi aliifahamu kutoka ghalani. Mezani kulikuwa na vikombe viwili vitupu vinavyongoja chai. Cha tatu kilikuwa kwenye kistuli kando ya mlango wa ndani, nusu yake imenyweka, na bado kilikuwa kinatoa mvuke.

"Keti, malaika wangu, nakuja na birika," fundi akasema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, akaingia jikoni.

"Nyumba yako ina ukimya!" Gundi akamwambia.

Hakujibiwa kutoka jikoni. Alijibiwa kutoka nyuma ya mlango wa ndani, chini chini, karibu na tundu la funguo.

"Binti? Ni wewe? Mmefunga vizuri?"

Gundi aliitambua sauti. Alisimama, miguu ikamchukua yenyewe, akatoka mpaka barabarani, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

Fundi alipiga simu mara kumi na moja. Ya kumi na mbili ikapokelewa.

"Nani yumo mle chumbani?" Gundi akauliza bila salamu. "Jirani anasema baba yako alikufa. Mimi naongea naye kila mwezi. Niambie kama nina wazimu."

"Huna wazimu. Yuko hai."

"Ndiyo nini sasa hiyo?"

"Alipopata kiharusi akawa hawezi kujizuia haja. Mtu aliyezoea kutembea kifua mbele! Akasema, waambie nimesafiri. Nikawaambia. Mwaka ukapita, mtu akaniuliza kama kweli bado yu hai, nikachelewa kujibu. Kesho yake wakaja kutoa pole."

"Na wewe ukapokea?"

"Baba aligonga ukuta mara mbili, kutokea chumbani. Maana yake nipokee."

Gundi aliketi kitandani kwake.

"Na wewe," fundi akasema polepole, "unaongeaje naye kila mwezi?"

Ikabidi amweleze: ghala, namba, katoni ya siku ile kaunta.

"Kwa hiyo ulijua kilichomo tangu mwanzo."

"Nilijua. Nikadhani ni zako. Nikakupenda nazo."

Sauti ya fundi ilipasuka. "Basi nataka kukuoa. Njoo tukae, utamzoea. Ila mama yako na ndugu zako nao wajue kwamba alikufa. Nimemwapia."

Gundi aliona maisha hayo yote mbele yake: watoto wakifundishwa kunyamaza, babu akigonga ukuta, na yeye akitabasamu kwa wageni.

"Kazini nafunga nepi," akasema. "Watu sifungi."

Akakata simu, akalia kama mtoto.

Wiki tatu zikapita bila neno kati yao. Kisha namba arobaini na moja akapiga ghalani.

"Leo siagizi, binti. Siku ile nilisikia sauti yako nikajisahau. Sasa kijana hali, hanyoi ndevu. Amekuwa maiti kuliko mimi."

"Wewe si maiti, mzee."

"Nikitoka wataona kiti cha magurudumu. Watasikia hii nailoni niliyovaa inavyolia."

Gundi alichungulia kama meneja yuko mbali, akashusha sauti. "Mzee, nafunga katoni mia na ishirini kwa siku. Unadhani zinakwenda mwezini? Simtaji mtu, lakini hao waliokuja kukulilia, baadhi yao wana namba kama wewe."

Simu ilipumua zile pumzi nzito alizozifahamu.

"Jumamosi saa tisa nawaleta mama na mjomba waje wamwone baba wa kijana," Gundi akaendelea. "Wakiambiwa amekufa, naondoka nao, na mlangoni kwenu sitakanyaga tena. Nampenda mwanao, mzee, mpaka naumwa. Lakini sitaolewa kwenye nyumba ya mfu anayekunywa chai."

Mzee akakata bila kuaga.

Jumamosi fundi alifungua mlango amejikata kidevu kwa wembe, macho mekundu. Alimvuta Gundi pembeni. "Hajasema neno tangu juzi. Hata ukuta hagongi. Sijui."

Wakaketi. Mama alivaa mtandio wake wa dhahabu, mjomba koti la harusi za watu. Jirani naye alikuwepo na sinia ya glasi, na hakuna aliyejua nani kamwalika. Mlango wa ndani ulikuwa umefungwa. Gundi aliutazama mpaka macho yakamuuma.

Mama akaanza kwa upole. "Mwanangu, wazee wako wako wapi, tuongee nao?"

Fundi akamtazama Gundi. Gundi akatazama mikono yake. Jirani akaona msaada unahitajika.

"Baba yake, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa..."

Kitu kikabamiza mlango kwa ndani. Mara ya kwanza, mara ya pili. Fundi akanyanyuka nusu, akasita, akarudi chini. Mlango ukafunguka, na kiti cha magurudumu kikatoka upande upande, kwa sababu aliyekiendesha alikuwa na mkono mmoja tu wenye nguvu. Alivaa suti na tai, na suti ilimzidi kama ya kaka mkubwa. Kila alipojisukuma, nailoni ililia chini ya suruali. Chumba kizima kiliisikia.

Sinia ilianguka. Jirani alikuwa juu ya kochi na viatu vyake, ameziba mdomo kwa mikono miwili.

Mzee alisimamisha kiti katikati ya sebule, akapepesa macho kwenye mwanga, akavuta pumzi mpaka zikatosha. Kisha akamtazama mama.

"Mimi ndiye baba wa kijana," akasema. "Nilikuwa chumbani."

Mama akanyanyuka. Akasogeza meza ndogo ili kiti kipite, akarekebisha mtandio wake.

"Karibu, mzee mwenzangu. Tulikuwa tunakungoja."

Gundi akamgeukia fundi wake. Kijana alikuwa analia mbele za watu wote, na hakujifuta.