Njoo Uchukue Mzigo Wako

Barua pepe ya kwanza haikuwa na mtumaji. Mahali pa jina palikuwa peupe, mahali pa anwani peupe, ndani yake hamna hata nukta, na ilikuwa imeingia jana jioni saa ya sala, saa ambayo baragumu la kombe limeshapulizwa vijijini, watu wameketi, na hakuna anayetembea wala kuitikia wito wa mtu.

Kilichomshtua Fuatino si barua yenyewe. Ni kwamba ilikuwa imeshajibiwa, na chini ya jibu palikuwa na jina lake.

"Bosi, hii umeijibu wewe?"

"Mimi?" Penitoa akacheka, mdomo umejaa andazi. "Mama Salafai, si umeajiri jini lako likufanyie kazi? Liulize lenyewe."

Hilo alilokuwa akiliita jini ni mfumo aliouunga Fuatino mwenyewe. Ofisi yao ya mizigo iko Apia, mji mkuu wa visiwa vyao, karibu na bandari, na ndugu walioko Auckland na Brisbane hutuma mapipa na maboksi, halafu kutwa nzima watu wanaandika: pipa langu limefika? Fuatino aliporudi baada ya kujifungua alikuta barua zimerundikana hadi macho yakamuuma, na Penitoa akamwambia waziwazi kwamba barua ziwe zinakwisha kila siku, la sivyo atatafuta mtu asiye na mtoto mchanga. Mumewe alikuwa mbali, anachuma matunda Australia. Basi akajifunza kwenye simu huku ananyonyesha. Huandiki msimbo wowote, unaburuta kisanduku, unakiweka, unakiunganisha na kingine kwa mstari, basi. Barua ikiingia, mfumo unaisoma, unatafuta kwenye jedwali la mizigo. Ukiona mzigo unaofanana na maelezo, unajibu: *njoo uchukue*. Usipouona, unajibu: *niambie umepoteza nini, nitakutafutia*. Maneno hayo aliyatunga yeye, na aliyapenda kwa upole wake. Tangu hapo alikuwa akitoka kazini mapema na kufika nyumbani kabla ya baragumu.

Barua ile tupu akaiacha. Mteja kabonyeza vibaya, alijisemea.

Kesho yake akakuta nyingine, ya saa ile ile. Neno moja tu: *Mtoto.*

Na mfumo ulikuwa umeuliza kwa adabu zote: *Tafadhali eleza mzigo wako. Ukoje, una uzito gani, una alama gani?*

Hapo ndipo aliposikia harufu. Langilangi, nzito, kama maua yaliyolowekwa majini mpaka yakaanza kuoza. Nyuma ya ofisi hapakuwa na mti, ni ukuta tu na kile kijito kinachoteremka kutoka kijijini kwao. Akagusa kibodi, vidole vikarudi vimelowa.

"Bosi, paa linavuja?"

"Mvua yenyewe iko wapi? Nenda nyumbani, dada, maziwa yamekupanda kichwani."

Akaenda. Kifua kilikuwa kinamuuma kwa kujaa, na mtoto alikuwa anamsubiri.

Jioni hiyo baragumu likalia, mikeka ikashushwa kuzunguka nguzo za nyumba isiyo na kuta, na mama mkwe wake, Sieni, mwanamke anayewakanda kwa mafuta watoto wagonjwa wa kijiji kizima, akaanza sala. Salafai alikuwa analia. Simu ikalia *ting* pale chini kwenye mkeka. Fuatino hakuigusa, saa ile haiguswi. Ikalia tena, *ting*, na mtoto akakata kilio katikati, kama bomba lililofungwa, akageuza kichwa upande wa kijito na kucheka.

Ile harufu ikaingia chini ya mikeka.

Amina ilipoitikiwa tu, akaichukua simu. Barua iliyoingia ilisema: *Msichana. Kilo sita. Alama nyeusi nyuma ya sikio la kushoto.*

Barua iliyotoka ilisema: *Talofa! Habari njema, mzigo wako umepatikana. Njoo uchukue.* Na maelekezo ya nyumba yao, nguzo za bluu, baada ya kanisa, kando ya kijito. *Wako, Fuatino.*

Ndipo akakumbuka kwamba siku ile alipokuwa anaujaribu mfumo usiku mtoto yuko kifuani hakuwa na mzigo wa kujaribia, akaona raha tu, akacheka peke yake, akaandika kwenye jedwali mzigo wa uongo ambao haukuwa wa uongo, msichana, kilo sita, alama nyeusi nyuma ya sikio la kushoto, upo nyumbani kwetu, na maelekezo ya njia, akajaribu, ukafanya kazi, akafurahi, akalala, na ule mstari wa majaribio hakuufuta.

"Mama," akanong'ona. "Mama, soma hapa."

Sieni akasoma polepole. Uso wake haukubadilika, ila mikono iliacha kukunja mkeka.

"Ni yule wa kijitoni. Aitu yule, jini yule, mwite utakavyo. Tangu mimi msichana anapita saa ya sala anauliza mtoto wake yuko wapi. Mama yangu hakumjibu. Bibi yangu hakumjibu. Anauliza, hajibiwi, anapita zake. Unadhani tunanyamaza kwa nini? Wewe umemjibu, Fuatino."

"Si mimi, mama. Ni mfumo."

"Chini pameandikwa jina la nani?"

 Fuatino akaufungua mfumo kwenye simu, akauzima, akaona kitufe kimekuwa cha kijivu. Mstari wa Salafai akaufuta. Ukarudi. Akaufuta tena, ukarudi.

Kesho yake hakwenda kazini. Sieni alimpaka mtoto mafuta utosi hadi nyayo, akamzungushia majani ya ti, ya kumkinga, akamweka katikati ya nyumba, wao wakakaa huku na huku magoti yakigusana naye. Baragumu likalia. Kijiji kikanyamaza, mbwa wakanyamaza, hata kuku. Kisha zikaanza hatua kwenye kokoto za nje, hatua za miguu iliyolowa, zikizunguka nyumba bila haraka, kama mteja anayesoma namba za milango, zikipita nguzo moja baada ya nyingine mpaka zikasimama nyuma ya mgongo wa Fuatino, naye akahisi mkeka ukiinuka na nywele ndefu zenye maji baridi zikiburuzika shingoni na begani mwake na kuteremka kuelekea magotini pake alipolala mtoto, akataka kupiga kelele na kelele haikutoka, akataka kumfunika mtoto na mikono haikuinuka.

"Ondoka, mwanamke," Sieni akasema kwa sauti ya chini. "Aliyekujibu si mtu. Hakuna aliyekuita. Nenda zako."

Mkeka ukashuka. Hatua zikarudi kijitoni. Baragumu la pili, la kumaliza sala, likalia, kuku wakaanza tena, na harufu ikaisha kabisa.

"Ameondoka!" Sieni akafuta jasho. "Ona mtoto alivyolala. Ona."

Simu ikalia *ting*.

Mfumo ulikuwa bado umezimwa. Lakini kwenye jedwali, mbele ya mstari wa Salafai, paliandikwa: *Umechukuliwa.*

Fuatino akamgeuza mtoto kichwa taratibu, akaliinua sikio la kushoto. Ngozi ilikuwa safi. Akaangalia la kulia. Safi.

"Mama, sikio..."

"Nimeona."

"Mama, huyu si..."

"Mnyonyeshe."

"Mama!"

"Mnyonyeshe, mwanangu." Sieni alikuwa anatazama mkeka. "Huyu ukimwacha alie huku, wetu nani atamnyamazisha kule kijitoni?"

Mtoto akafumbua macho, akafungua kinywa. Fuatino akafungua nguo, akamnyonyesha. Hakusikia maumivu wala joto. Kinywa kilikuwa baridi.

Alirudi kazini. Penitoa alishauwasha mfumo upya, wateja walikuwa wanalalamika. "Jini lako lilikuwa likizo na wewe?" aliuliza, na Fuatino akatabasamu kwa sababu ndivyo mtu hufanya. Kliniki wakampima mtoto, kilo sita. Wakampima mara nyingine, kilo sita. Nesi akasema mizani ina matatizo. Ule mstari kwenye jedwali hakujaribu tena kuufuta. Hapo ndipo mahali pekee palipokuwa bado na ile alama.

Halafu jioni moja, baragumu limeshalia, mikeka imeshuka, Sieni anasali na mtoto yuko kifuani ananyonya bila sauti, Fuatino akanyoosha mkono akachukua simu. Sieni alimwona, hakumzuia. Akaandika barua kwenda ofisini kwake mwenyewe, kwa kidole kimoja.

*Nimepoteza mtoto. Msichana. Kilo sita. Alama nyeusi nyuma ya sikio la kushoto.*

Akatuma. Nje, kijito kilikuwa kinapita.

*Ting.*

*Talofa! Pole sana. Mzigo huo umeshachukuliwa na mwenyewe. Asante kwa kutuandikia. Wako, Fuatino.*