Neno la Kondoo wa Mwisho

Kondoo walikuwa wakihesabiwa, na zizini hapakuwa na mtu.

Gladwell alisimama jikoni, mwiko mkononi. Maneno yale aliyajua. Ndiyo mama mkwe wake, Mukiri, aliyohesabia kondoo kila jioni, wala hayakuwa Kimeru, wala hakuna aliyejua maana yake. Lakini Mukiri alikuwa papa hapa jikoni, amempakata mjukuu wake Koome, kimya.

Na nani aliyemnyamazisha? Gladwell mwenyewe. Juzi akina mama wa kanisa walikuja kwa maombi, wakamsikia bikizee akihesabu, na Gladwell, mwalimu mzima wa shule ya Makutano, akaona haya, akacheka mbele yao akasema hayo ni mambo ya mashetani. Mukiri alisikia. Tangu hapo hakuhesabu tena.

"Mama, ni nani huyo?" akanong'ona.

"Ni wenyewe."

Akamweleza kwamba uzao wa kondoo hao ulitoka kwa Agumba, wale watu wafupi wa mashimoni waliokuwa hapa kabla ya Wameru. Wazee waliapa kuwahesabu kwa maneno ya wenyewe, ili wasikie mali yao ingalipo. Wasiposikia, huja kuhesabu wenyewe, na wanachokihesabu hukichukua, wala hawaishii kwa kondoo.

"Nifundishe, basi."

"Nimekufundisha kila jioni, Gladwell. Ulikuwa unafunga dirisha."

Aliinamisha kichwa. Hata hivyo Mukiri akamtamkia maneno mpaka yakamkaa mdomoni, akamwonya kwamba aliyewatukana ndiye ahesabu, kwa sauti, mpaka mwisho.

Gladwell akaingia zizini, akakutana na harufu ya udongo uliochimbuliwa sasa hivi, kondoo wamejibana ukutani hakuna hata mmoja anayecheua, na ile sauti ikanyamaza ikimsikiliza, akamgusa wa kwanza akatamka, akamgusa wa pili akatamka, huku pumzi ya mtu mfupi asiyemwona ikimpiga kiunoni kila alipotua, naye akaendelea mpaka akabaki kondoo mmoja na neno moja, na hapo akasikia hodi, akainua macho, akamwona mwenyekiti wa akina mama wa kanisa langoni, Biblia kwapani, akimtazama.

Jamani, aibu. Neno la mwisho akalinong'ona.

Kisha neno lile likatamkwa tena na ile sauti ya wenyewe, kwa nguvu, na safari hii halikutoka zizini. Lilitoka jikoni, alikomwacha mtoto.

Na Koome, ambaye alikuwa hajaanza kusema, akaitika.