Msumari Nyuma ya Picha

Kila Jumamosi, baada ya kuosha vyombo na kuteka maji, Adongo alikimbilia jumba la sanaa. Zamani jumba hilo la mawe lilikuwa nyumba ya Mzungu mwenye shamba la chai. Siku hizi vyumba vyake vimejaa picha na vinyago vya wasanii wa sasa, na watoto wa Kericho hufundishwa kuchora humo.

Jumamosi hiyo hakuwa na furaha hata chembe. Alikuwa amechora mikono ya mamake ikichuma chai, na badala ya rangi alitumia turungi nzito, ile chai isiyotiwa maziwa. Wageni wa maonyesho wangefika alasiri, na picha ilikataa katakata kunyooka. Ilining'inia kwa waya kutoka ubao uliopita juu ya ukuta. Akiivuta kulia, inalala kushoto. Akiivuta kushoto, inalala kulia. Picha za wenzake zilikuwa zimetulia tuli.

"Inanidharau hii!" alifoka. Akachukua nyundo na msumari kwenye kisanduku cha fundi.

"Wee Adongo!" rafiki yake Zack alishtuka. "Si Madam alisema hizi kuta ni za kitambo, hazitaki misumari?"

"Wacha maneno mingi, Zack. Ni kamoja tu."

Alipogonga mara ya pili, kipande cha plasta kikubwa kama sahani kiliporomoka. Msumari ulishika katikati ya mawe. Adongo alifagia vumbi mbiombio, akaitundika picha juu ya shimo.

Punde si punde akaingia Madam Bilhah, msimamizi wa jumba. Aliitazama picha kwa muda mrefu.

"Adongo, hii haiwezi kukaa huku nyuma. Itoe tuipeleke chumba cha mbele, wageni waanze nayo."

Jambo alilolitamani mwaka mzima lilikuwa limemjia, naye hakuweza kulipokea! "Iache tu hapa, Madam," alinong'ona.

"Kwa nini? Si huku kuna giza?"

Zack aliinamisha kichwa. Adongo alijikasirikia mpaka machozi yakamtoka. Kisha akaishika picha kwa mikono miwili, akaiteremsha mwenyewe, shimo likaonekana.

"Ni mimi, Madam. Zack alinikataza."

Madam Bilhah alikasirika, wala hakuficha. "Ungeniita! Waya ukilegea upande mmoja tunaukaza, basi."

"Nilikuwa nimechoka nayo, Madam."

"Kuchoka si kosa. Lete picha twende."

Wageni waliisifu mno. Lakini Jumamosi iliyofuata Adongo alikuwa amevaa nguo kuukuu, akikoroga chokaa na fundi Nyabuto mpaka mabega yakamuuma.

"Si picha yangu imesifiwa, Madam?" alinung'unika. "Na bado nakoroga."

Madam Bilhah aliupapasa ukuta, ambao sasa ulikuwa laini. "Picha ni yako, na shimo pia lilikuwa lako," alisema. "Mtu mwongo huchukua sifa, akawaachia wenzake shimo. Wewe umechukua vyote viwili, na ndiyo maana nitakuamini tena. Haya, malizia hapo juu."