Tangazo la Tarehe Tatu Machi

Saa moja na dakika kumi asubuhi, Jumanne tarehe 25 Machi 2025, Akelo alifika mwalo wa Nyakabondo, kando ya ziwa ambako mitumbwi hushusha samaki, akiwa na beseni la dagaa kichwani, akakuta chanja zake za kuanikia hazipo. Chanja za wanawake wote ishirini na wawili waliokuwa wakianika dagaa pale kwa miaka kumi na tisa zilikuwa zimeng'olewa na kurundikwa kando ya njia. Nyavu zilikuwa zimechanika na miti imevunjika. Mahali pake zilisimama nguzo nne mpya za zege na kibao: ENEO LA KIWANDA CHA BARAFU. USIINGIE.

"Nani amefanya hivi?" Akelo alimuuliza mlinzi aliyeketi juu ya ndoo.

"Mama, usiniangalie mimi. Tangazo lilitoka."

"Lilitoka wapi?"

"Kwenye tovuti ya halmashauri."

"Mimi nakanyaga mchanga huu kila siku. Mlishindwa nini kuniambia kwa mdomo?"

Mlinzi akainuka, akaisogeza ndoo yake kivulini.

Saa mbili kasoro Akelo alimpigia simu mjomba wake Okwach, sajini mstaafu wa upelelezi, aliyekuwa akiishi Igoma. Saa nne Okwach alikuwa mwaloni na daftari lake. Alipima kwa hatua, akahesabu chanja zilizovunjika, akaandika. Wanawake walimzunguka.

"Mlinzi anasema mkataba wa eneo unasainiwa Ijumaa saa nne," Akelo alisema. "Ukisainiwa, mwalo umekwenda kwa miaka thelathini na mitatu. Mjomba, mimi nina miaka hamsini na mmoja. Nitaanika dagaa wapi, juu ya paa?"

"Tuna siku tatu," Okwach alisema. "Niandikieni barua ya kunituma, wote mtie saini."

Mchana huo alifika katika ofisi za Halmashauri ya Nyabusalu, jengo la ghorofa moja kando ya barabara ya Musoma. Mkurugenzi, Bi. Rose, aliisoma barua ya wanawake akiwa amesimama.

"Uliza unachotaka, mzee. Hatuna cha kuficha. Tangazo lilitoka tarehe tatu Machi, watu walipewa siku kumi na nne kuweka pingamizi, hakuna aliyeleta. Kamati ikakaa tarehe kumi na nane, ikapitisha. Sheria ilifuatwa."

"Lilibandikwa mwaloni?"

"Siku hizi tunatangaza kwenye tovuti."

"Akina mama wale wana simu za tochi, Bi. Mkurugenzi."

Bi. Rose aliikunja barua. Alimwita Moza, afisa habari, akamwambia amwonyeshe mzee anachotaka.

Moza alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ya haraka. Alifungua tangazo kwenye kompyuta. Juu iliandikwa tarehe 3 Machi 2025. Chini iliandikwa: Limewekwa na Msimamizi.

"Msimamizi ni nani?" Okwach aliuliza.

"Sote."

"Sote nani?"

"Mimi, Yeremia wa TEHAMA na Bwana Shigela wa biashara. Tunaingia kwa jina moja na neno la siri moja." Akainua kalamu, akaonyesha mezani. Chini ya kioo cha meza, kati ya kalenda na picha ya harusi, palikuwa na karatasi yenye neno hilo kwa wino mwekundu. "Liko hapo ili tusisahau."

Okwach aliinama juu ya ile karatasi. Katika miaka yake thelathini ya kazi alikamata wezi waliovunja makufuli. Hapa ufunguo wa nyumba ya watu laki mbili ulikuwa umewekwa chini ya kioo kama pambo.

"Tangazo hili uliliweka wewe?"

"Hapana, baba. Nimeliona tarehe kumi na nane, baada ya kamati. Nikafikiri Yeremia kaliweka."

"Hukuuliza?"

"Hapa hatuulizani. Kila mtu anaweka la kwake. Kuna ukurasa wa chanjo humu wa mwaka 2019, na diwani ambaye amefariki bado anakaribisha wageni." Akainamisha kichwa. "Nimeshaandika barua mbili kuomba kila ukurasa uwe na mwenyewe. Sijajibiwa."

Akelo alikuwa amemwonya mjomba wake juu ya Moza. Mwaka uliopita wanawake waligombana naye mwaloni kwa sababu ya picha alizowapiga bila kuomba. Okwach aliandika jina la Moza, akaweka alama ya kuuliza mbele yake.

Yeremia alikutwa chumba cha nyuma, kati ya printa tatu mbovu. Alikuwa akitoka jasho ingawa feni ilizunguka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mtu anaweza kuweka tangazo leo likasomeka la wiki iliyopita?"

"Tarehe unaandika mwenyewe. Hata ukiandika mwaka wa Uhuru, mashine inakubali."

"Lakini mashine haikumbuki saa ya kweli?"

"Inakumbuka kwa siku saba. Halafu inafuta, maana nafasi haitoshi. Kama mngekuja jana..." Akahesabu kwa vidole. "Hata jana huenda mngechelewa, kama liliwekwa siku nyingi kabla ya kamati."

"Na wewe ndiye unayejua kwamba inafuta."

"Mzee, nikiharibu mimi, wataniuliza mimi wa kwanza. Mtu mwenye akili haibi kwenye duka analolinda peke yake."

"Wengi wameiba humo humo," Okwach alisema, akaandika alama ya pili ya kuuliza.

Saa tisa na robo aliingia kwa Shigela, afisa biashara. Ofisi hii ilikuwa na zulia na kiti cha ngozi, na ukutani palikuwa na vyeti saba ndani ya fremu za rangi ya dhahabu. Shigela alisimama akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Karibu, mzee wangu! Nilisikia kuna askari wa zamani anatutikisa."

"Natikisa karatasi tu. Una vyeti vingi."

"Mtu asipojiendeleza anaoza. Hicho cha mwisho ndicho kipya, bado kinanuka gundi."

Okwach alivaa miwani, akakisoma kwa sauti, kama alivyozoea kusoma kila kitu kilichoandikwa: "Semina ya Usimamizi Bora wa Tovuti za Serikali za Mitaa. Dodoma, 24 Februari hadi 7 Machi 2025. Hongera. Sasa, tangazo la mwalo uliliona lini?"

"Siku ile ile lilipotoka. Jumatatu tarehe tatu, asubuhi. Nililifungua kwenye simu nikiwa Dodoma, nikafurahi, nikasema vijana wangu wanafanya kazi."

"Nani aliliweka?"

"Mimi nilikuwa mbali, kama cheti kinavyosema. Muulize Moza. Yule na wale akina mama hawapatani, unajua."

"Najua," Okwach alisema. Akaandika maneno ya Shigela yote, neno kwa neno, akamsomea. "Ndivyo ulivyosema?"

"Ndivyo hasa."

"Tia saini hapa."

Shigela alicheka, akatia saini kubwa yenye mkia.

Jumatano asubuhi Okwach alikwenda kwenye stesheneri ya Nusrat, Igoma, kutoa nakala ya tangazo. Nusrat aliwachapia watu fomu za leseni na za zabuni kutoka tovuti za halmashauri zote za karibu. Aliitazama karatasi ikitoka, akaichukua kabla Okwach hajaishika.

"Hii tarehe tatu Machi, baba? Haiwezekani."

"Kwa nini?"

"Tarehe tatu nilitukanwa hapa na watu wasiopungua wanane. Tovuti ya Nyabusalu haikufunguka. Ilikufa Ijumaa ya tarehe ishirini na nane Februari, ikafufuka Jumapili tarehe tisa Machi, jioni. Siku kumi! Subiri."

Akaingia nyuma ya pazia, akatoka na kipande cha boksi: TOVUTI YA NYABUSALU HAIFUNGUKI. USIGOMBE NA MIMI. Na daftari. Ndani yake wateja walikuwa wameandika kwa mikono yao majina, simu, fomu waliyotaka na tarehe, ili apige simu tovuti ikirudi. Kulikuwa na majina arobaini na moja. Tarehe tatu Machi ilikuwa na majina manane.

"Uliwauliza halmashauri?"

"Nilipiga kila siku. Wananijibu ipo kwenye matengenezo. Matengenezo gani ya siku kumi? Wanatengeneza meli?"

Okwach alicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Kisha akaacha kucheka.

Alirudi Nyabusalu, akaingia kwa Yeremia, akafunga mlango.

"Tovuti ilikuwa imekufa tarehe tatu. Kwa nini hukuniambia?"

Yeremia alikaa chini. "Tulikatazwa, mzee. Jina la tovuti lilikwisha muda wake wa mwaka. Kikumbusho kilikwenda kwenye barua pepe ya mtumishi aliyehamishwa miaka miwili iliyopita, hakuna aliyebadilisha. Mkurugenzi alitufokea ukumbi mzima, mimi, Moza na wakuu wa idara. Kisha akasema jambo hili lisitoke wala lisiandikwe popote, ni aibu. Tukanyamaza."

"Walikuwepo wote?"

"Waliokuwepo kazini."

Akamwonyesha simu. Tarehe tatu Machi, saa tatu na dakika tano, Moza alikuwa amemwandikia: Bado imekufa? Mama Rose ananitafuna. Yeye alimjibu: Imekufa kabisa, dada, niombee.

Okwach alifunga daftari. Alama mbili za kuuliza alizifuta kwa kalamu yake mwenyewe.

Ijumaa tarehe 28 Machi, saa nne kamili, ukumbi mdogo wa halmashauri ulikuwa na soda mezani na kalamu mbili mpya. Mwenye kiwanda cha barafu alikaa karibu na Bi. Rose. Shigela ndiye aliyeshika faili. Wanawake ishirini na wawili waliingia bila kualikwa, wakinuka dagaa, wakasimama ukutani.

"Mzee, kikao hiki si cha umma," Shigela alisema.

"Mwalo ulikuwa wa umma," Okwach alijibu. "Bi. Mkurugenzi, nipe dakika tano kabla hujafungua kalamu hiyo. Tarehe tatu Machi tovuti yako ilikuwa hai?"

Bi. Rose alibadilika uso.

"Jibu, mama," Akelo alisema.

"Ilikuwa... haikuwa hewani."

"Tangu tarehe ishirini na nane Februari hadi tarehe tisa Machi," Okwach alisema, akaweka mezani daftari la Nusrat. "Watu arobaini na mmoja wameandika kwa mikono yao. Kwa hiyo tangazo hili halikuwekwa tarehe tatu. Liliwekwa baadaye, likaandikwa tarehe ya nyuma, ili siku kumi na nne za pingamizi ziwe zimekwisha kabla halijazaliwa. Nani angefanya hivyo? Mtu anayejua kwamba tovuti ilikufa angechagua tarehe ishirini na saba Februari, au ishirini na sita. Moza alijua. Yeremia alijua. Wakuu wote wa idara waliofokewa humu walijua. Aliyechagua tarehe tatu ni mtu mwenye neno la siri ambaye siku hizo hakuwepo, na akarudi Jumatatu ya tarehe kumi akakuta tovuti inafunguka, na watu wamefunga midomo."

Macho yalianza kumgeukia Shigela, moja moja.

"Hayo ni mawazo ya mzee," Shigela alisema. "Mahakamani yatachekwa."

"Hili je?" Okwach akafungua ukurasa wenye saini yenye mkia. "Ulisema ulilifungua tangazo Jumatatu tarehe tatu asubuhi, ukiwa Dodoma, ukafurahi. Ulifurahia nini, Bwana Shigela? Kioo cha simu?"

Mwanamke mmoja ukutani alicheka kwa sauti. Shigela alilivuta faili kifuani.

"Ulikaa wiki mbili kwenye semina ya kusimamia tovuti," Okwach aliendelea. "Wiki mbili! Na muda wote huo hukufungua tovuti yako hata mara moja kuona kama iko hai. Ulichokileta nyumbani ni fremu."

Bi. Rose alimgeukia Shigela polepole. "Uliniletea nakala ya tangazo asubuhi ya kamati. Nikaona tarehe. Uliliweka lini?"

"Mkurugenzi..."

"Lini?"

"Kumi na saba," Shigela alisema. "Jioni."

"Na huyu?" Akelo alimnyooshea kidole mwenye kiwanda, ambaye alikuwa ameanza kusogeza kiti. "Huyu ni nani yako?"

Shigela alitazama zulia. "Shemeji. Kaka wa mke wangu. Eneo jingine halikuwa na maji ya karibu. Nilijua mkisikia mtaweka pingamizi. Mngeshinda, mna miaka kumi na tisa pale. Nikaona... hakuna atakayejua ni nani. Wote ni Msimamizi."

"Hapo umesema kweli ya kwanza," Okwach alisema. "Wizi wako ulikuwa rahisi kwa sababu nyumba haina mwenyewe. Na wewe, Bi. Mkurugenzi, ulificha aibu ya siku kumi, na mwizi akaingilia pale pale ulipoficha. Barua mbili za Moza ziko wapi?"

Bi. Rose alisimama. Alichukua mkataba, akaupasua katikati, akampigia simu mkuu wa polisi wa wilaya. Shigela alitolewa ukumbini saa tano na dakika ishirini.

Kabla ya kuondoka Okwach alipita ofisini kwa Moza. Aliinua kioo cha meza kwa mikono yake, akaitoa karatasi ya wino mwekundu, akampa.

"Choma. Na kuanzia leo kila mtu aingie kwa jina lake, hata Mkurugenzi."

Jumatatu iliyofuata, saa mbili asubuhi, chanja kumi na moja zilikuwa zimesimama tena Nyakabondo, na vijana wa halmashauri walikuwa wakifunga nyavu kwenye zilizobaki chini ya macho ya Akelo, ambaye aliwarudisha kufunga upya kila fundo lililolegea. Moza alifika na nyundo. Alipigilia karatasi kwenye mwembe uliokuwa kando ya mzani wa samaki. Ilisema tangazo la tarehe tatu Machi limefutwa, na kwamba kila tangazo la mwalo litawekwa kwenye tovuti na hapa, siku hiyo hiyo.

Akelo aliifuta mikono yake kwenye kanga, akasogea, akaisoma polepole hadi mwisho. Chini palikuwa na tarehe, saa, na badala ya Msimamizi, jina.

"Moza," alisoma. Akamtazama. "Haya. Sasa najua nitagombana na nani."

"Na mimi nitakuwepo," Moza alisema.

Akelo akamkabidhi upande mmoja wa wavu, wakauvuta pamoja.