Mnufaika Namba Saba

Karatasi ya mahudhurio ilirudi mezani ikiwa na watu saba, na walioitwa kwenye kikao walikuwa sita. Mama Fomu aliwahesabu tena kwa ncha ya kalamu. Saba. Sita walikuwa wametia sahihi, wa mwisho alikuwa amebandika dole gumba, jeusi tii, na Mama Fomu alipoligusa likamwachia masizi kidoleni.

Jina hilo la Mama Fomu alipewa na wenzake pale kituoni, na alilistahili. Kituo kilikuwa kinawapokea kina mama waliopoteza nyumba, kinawapa chumba na kuwafundisha kushona, na yeye ndiye aliyekuwa akikitafutia wafadhili. Kampuni ya rangi, kampuni ya bima, wakfu wa matajiri fulani, wote walimjua kwa sauti. Alijua nani anataka picha na nani anataka takwimu, nani ukimbembeleza anakasirika na nani usipombembeleza anakusahau. Nyumbani alikuwa na binti mmoja wa miaka tisa, Chiriku, aliyeitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Hakuwa na mwingine duniani. Baba mtu alishaondoka zamani, tumwache hukohuko aliko.

"Kuna mtu alikuja kikaoni bila kualikwa?" alimuuliza mhudumu wa usafi.

"Yule mama wa moto? Si umemwita mwenyewe? Amesema ametoka kwako."

"Mama gani wa moto?"

"Anayenuka moshi, maskini. Alikaa kule nyuma, hata maji hakugusa."

Mama Fomu alikitazama kidole chake. Alikuwa anamfahamu mama huyo, na heri angekuwa hamfahamu.

Ni hivi. Miezi mitatu nyuma, wakfu ulitoa fomu iliyodai hadithi za wanufaika saba, bila majina, namba tu, ili kuwasitiri. Mama Fomu alikuwa nao saba. Asubuhi ya siku ya mwisho mmoja akajitoa, akasema msiba wake si gazeti la kusomwa na kila mtu. Haki yake kabisa. Lakini tovuti ya wakfu ilikuwa inafungwa saa sita kamili mchana, kisanduku kimoja kikiwa kitupu fomu nzima inakataliwa, na saa ya ukutani ilikuwa inasema saa tano na dakika arobaini. Jamani, wewe ungefanyaje? Mama Fomu akamtunga mtu. Akampa nyumba iliyoteketea, akampa miaka thelathini na minne, akampa ukimya. Alipofika palipoandikwa "watoto", aliinua macho, akaiona picha ya Chiriku mezani, vidole vikaenda vyenyewe: ana binti wa miaka tisa, jino la mbele limeng'oka, anaogopa radi, hapati usingizi mpaka ashike sikio la mama yake. Akatuma zikiwa zimebaki dakika mbili, akacheka peke yake.

Na wakfu wakampenda nani? Huyohuyo. Wale sita wa kweli, wenye vilio vya kweli, hawakuulizwa hata hali. Ofisa miradi wa wakfu alipiga simu mwenyewe. "Hilo la sikio," alisema, "hilo mtu hawezi kulitunga." Wakaahidi ufadhili wa miaka mitatu, kwa sharti moja dogo tu: kila mwezi wapate taarifa ya maendeleo ya Namba Saba.

Basi mwanamke akaandika taarifa ya kwanza, akaandika ya pili, na sasa kulikuwa na masizi kwenye kidole chake.

Alimwona kesho yake, mchana kweupe. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni nje ya mlango wa ofisi, magoti pamoja, mikono mapajani, na harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji ilikuwa imejaa ukumbi mzima. Sura yake haikushikika. Ukimtazama unamwona, ukigeuka kidogo umeshamsahau, na Mama Fomu akakumbuka kwamba hakuwahi kumwandikia sura. Alichomwandikia, katika taarifa ya pili, ni kwamba ameanza kutabasamu. Alikuwa anatabasamu. Alitabasamu saa mbili asubuhi, akatabasamu saa nne, akatabasamu watu wakienda kula na wakirudi, maana hakuna mahali palipoandikwa kwamba huacha.

"Wewe ni nani?" Mama Fomu alinong'ona, amesimama nusu ndani nusu nje.

"Ulifungua nafasi," lilijibu lile umbo, taratibu, kwa sauti isiyo na umri. "Mimi sikuwa na pa kukaa."

"Unataka nini kwangu?"

"Ulichoniandikia. Nyumba iliyoungua nimeiona. Miaka nimeipata. Mtoto bado."

Mkurugenzi wa kituo alipita wakati huohuo, akampa mgeni mkono, akaingia ofisini amefurahi. "Mama mzuri huyu! Mbona ulikuwa unatuficha?" Kisha akajifuta kiganja kwenye suruali bila kujua anafuta nini.

Kuanzia hapo lilikuja kila siku. Mama Fomu alijaribu kulitoa kwa njia aliyoijua, akaandika katika taarifa ya tatu kwamba Namba Saba amehamia mbali kwa ndugu zake. Mkurugenzi akaikata kwa kalamu nyekundu. "Wafadhili hawapendi mnufaika anayepotea. Andika kwamba yeye na binti yake wanazidi kuwa karibu."

"Siandiki hilo, mkubwa. Naomba, lolote jingine."

"Una nini wewe? Kina mama ishirini na wawili wanalala hapa kwa sababu ya huyu mmoja. Kama huandiki, nenda vyumbani ukawaambie wafungashe. Nenda mwenyewe."

Akaenda mpaka mlango wa chumba cha kwanza. Mama mmoja alikuwa anamnyonyesha mtoto huku anapindisha upindo wa sare ya shule, akainua kichwa, akamkaribisha. Mama Fomu akarudi ofisini, akaandika. Nasema akaandika! Mimi mwenyewe kila nikifika hapa natamani kumshika mkono.

Jumamosi iliyofuata mvua ilinyesha tangu mchana. Chiriku alikuwa amejilaza kitandani, na mama yake anakunja nguo.

"Mama, nyumba yetu iliungua lini?"

"Nyumba gani? Nyumba yetu hii hapa, mwanangu."

"Ile nyingine. Ulinibeba mgongoni, nguo zako zinanuka moshi. Ukaniambia nisiangalie nyuma."

"Uliota."

"Sikuota," mtoto alisema, akajifunika mpaka kidevuni, na radi ilipopiga, mtoto huyu ambaye kila radi ilimrusha mapajani mwa mama yake hakumkimbilia mama yake, aligeukia ukutani ambako hapakuwa na mtu, akanyoosha mkono polepole kama anayejua vizuri anachokitafuta, vidole vikafumba juu ya kitu laini kisichoonekana, vikaanza kukibinya taratibu, taratibu, mpaka pumzi yake ikatulia na chumba kizima, madirisha yakiwa yamefungwa na mvua ikigonga bati, kikajaa harufu ya majivu mabichi. Akalala. Mama Fomu alikaa chini sakafuni akalia huku ameuma shuka.

Mhudumu wa usafi ndiye aliyempeleka, kesho yake, kwa Karani, mzee aliyestaafu mahakamani na ambaye watu walimwendea kwa mambo ya majini. Karani alimsikiliza mpaka mwisho, hakuchoma kitu, hakusoma kitu.

"Hakuna aliyekutupia jini," alisema. "Umelikaribisha mwenyewe, kwa maandishi. Na aliyesoma ameamini, ndiyo maana lina nguvu. Kalifute kwa mkono uleule. Mwambie aliyesoma kwamba mtu huyo hayupo, hajawahi kuwapo."

"Nikisema hivyo kituo kinafungwa, baba. Mimi mwenyewe nitashtakiwa."

"Mimi nimekuonyesha mlango, binti yangu. Na uwahi. Linajua nalo pa kwenda."

Jumatatu alimpeleka Chiriku shule kwa mkono wake, akasimama getini mpaka alipomwona anaingia darasani. Kiti cha nje ya ofisi kilikuwa kitupu. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi ukumbi ulinuka dawa ya sakafu tu, na hilo likampa moyo. Akaandika barua bila kupamba. Namba Saba nilimtunga. Mwanamke huyu hayupo, na binti aliyetajwa si wake, ni wangu. Aliisoma mara moja, akawafikiria wale ishirini na wawili, akasema, "Nisameheni," akaituma saa nne na robo.

Saa nne na nusu simu ililia. Alikuwa ofisa miradi wa wakfu.

"Nimepata barua yako," alisema, kwa upole wa mtu anayezungumza na mgonjwa. "Ndugu yangu, kazi imekuchosha. Unasema mama huyu hayupo, na mimi ninaye hapa mbele yangu. Amekuja asubuhi hii kutushukuru. Ameniambia tangu anaingia kwamba utaandika barua ya namna hii."

"Mfukuze! Nakuomba, mtoe humo ndani!"

"Tulia kwanza. Na mtoto wake, na sare yake ya shule, ni mzuri kuliko ulivyomweleza, haulizwi neno, anaongea mwenyewe."

Mama Fomu alisimama, kiti kikaanguka. "Mtoto yupi? Mpe simu. Nipe huyo mtoto!"

Kukawa na mkwaruzo, na mtu akacheka kwa mbali, halafu pumzi ndogo ikaja karibu na simu, pumzi inayopita kwenye pengo la jino, pumzi ambayo angeitambua kati ya watoto elfu.

"Chiriku," alisema. "Mwanangu. Ni mama."

"Shikamoo," sauti ya binti yake ilijibu, kwa adabu, kama mtoto anavyomsalimu mgeni. Kisha ikageukia pembeni. "Mama, kuna mtu analia. Nimwambie nini?"