Mpini wa Mkono wa Kushoto

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alimfunga shangazi yake vifungo vya gauni, akamsaidia kukaa kitini, kisha akamwekea chai upande wa kushoto. Upande wa kulia haukuwa na nguvu tangu shangazi apatwe na kiharusi. Mkono ulilegea, mguu aliuburuta, na maneno yalimtoka moja moja.

Jina la Chiriku alipewa nyumbani kwa sababu ya domo lake, na jamani, alilistahili! Shangazi akianza kusema, yeye alimalizia.

"Nataka ma..."

"Maji! Haya, nakuletea."

Huenda shangazi alitaka mafuta ya kuchua mguu. Aliyanywa maji hayo hayo.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na bustani ya mboga aliyoilima shangazi kwa miaka mingi. Sasa magugu yalifika magotini. Shangazi aliitazama kutwa nzima, na siku hizi hata chakula hakumaliza.

"Dada, bustani hii inatutia simanzi bure," baba alisema jioni moja. "Namwita fundi aisakafie."

Shangazi alifungua mdomo, lakini machozi yalitangulia.

"Usifanye hivyo, baba!" Chiriku akadakia. "Tumnunulie jembe jepesi, atalima mwenyewe."

Baba aliguna. "Haya. Mkishindwa, nasakafia."

Jumamosi walikwenda wote watatu kwenye duka la vifaa. Muuza duka, mwanamke mwenye miwani, alimwinamia shangazi. "Mama, unapenda lipi?"

Shangazi aliinua mkono wa kushoto kuelekea rafu ya chini. "Mpi... mpi..."

"Mpini mrefu, ili asiiname!" Chiriku alijibu. Alilichukua jembe kwa mikono yake miwili, akaliinua juu na kulishusha. "Lo! Jepesi kweli."

Shangazi alitikisa kichwa, lakini Chiriku alikuwa ameshampa mgongo, na baba alikuwa analipa.

Jumatatu shangazi aliingia bustanini. Mpini ule mrefu ulitaka mikono miwili, naye alikuwa na mmoja tu. Jembe liliyumba, likamvuta, akaanguka kifudifudi kwenye magugu. Baba alipomwinua, uso ulikuwa umechubuka na midomo imejaa udongo.

"Basi, imetosha," baba alisema. "Kesho fundi anakuja."

Chiriku alikuwa analia. "Baba, shangazi anataka kusema kwamba..."

"Nya... maza!" shangazi alisema.

Chiriku akafunga mdomo. Wakangoja. Ilichukua muda mrefu, mpaka baba akaanza kutazama chini kwa aibu.

"Hamku... niuliza," shangazi alisema. "Nilitaka... mfupi. Nikae. Mkono... huu."

Siku iliyofuata fundi hakuja. Walirudi dukani, na muuza duka akamwekea shangazi vifaa mapajani, kimoja baada ya kingine. Ulimi ulimwasha Chiriku, akauma midomo. Shangazi alikamata, akapima, akakataa. Mwishowe alishika kijembe cha mkono, lakini mpini wake ulikuwa mwembamba, ukamponyoka.

"Mne... ne," alisema.

Muuza duka alichukua kipande cha tyubu ya baiskeli, akauzungushia mpini mpaka ukajaa kiganja.

Baba alijenga tuta moja lililoinuka hadi usawa wa magoti ya mtu aliyekaa kitini. Sehemu kubwa ya bustani aliisakafia, kwa kuwa shangazi asingeiweza tena. Siku ile ya saruji shangazi alilia, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Asubuhi iliyofuata alikaa mbele ya tuta lake. Alichimba kidogo, akapumzika, akachimba tena. Kazi ilikwenda polepole mno, lakini alifanya mwenyewe.

Baba alimshika Chiriku bega. "Mwanangu, wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sisi tulichagua jembe kwa mikono yetu, yeye ndiye akaanguka. Tulimpenda, lakini tulimsemea. Mtu asiyejiweza vizuri bado anajijua. Muulize, kisha usubiri jibu, hata likichelewa."

Chiriku alimsogelea shangazi. "Shangazi, tupande nini?"

Shangazi alifungua mdomo. Chiriku akakaa chini kando ya kiti, akangoja.