Mzee Mokua Hakuficha Ugonjwa

Kila asubuhi Celestine alitoka kwenda kuchuma majani chai. Mumewe, Mokua, alibaki mlangoni akimenya ndizi. Shamba lao lilikuwa Gesima, kwenye mteremko wenye baridi. Mokua alikuwa na miaka sabini na mitatu. Zamani yeye ndiye aliyebeba majani hadi kituo cha kuuzia chai. Sasa nyonga yake ya kulia ilikuwa imelika. Akitembea hatua kumi tu, uso wake ulijaa jasho.

Mwanzoni aliona aibu kumenya ndizi watu wakipita barabarani. Siku hizi hakujali.

"Mama Linet," alimwambia mkewe siku moja, "wewe ulikuwa unatupa nusu ya ndizi pamoja na maganda. Nimeona hivyo miaka arobaini."

"Na hukusema?"

"Ningesema, ungeniambia nimenye mwenyewe."

Celestine alicheka mpaka akakaa chini. Linet, binti yao, alikuwa ameolewa Ogembo. Wazee hawa waliishi wawili tu.

Daktari wa mjini Kisii alisema nyonga ya Mokua ibadilishwe, awekewe ya chuma. Bima ya serikali ingelipa sehemu ya gharama. Sehemu iliyobaki haikumtia Celestine wasiwasi. Miaka miwili nyuma walikuwa wamejiunga na bima ya wazee ya kampuni binafsi, na hawakukosa kulipa. Hospitali ikaiomba kampuni hiyo kibali cha kulipia sehemu hiyo.

Baada ya wiki moja, barua ilifika. Celestine aliisoma kwa sauti.

"'Ombi limekataliwa. Mteja alificha ugonjwa wa shinikizo la damu alipojiunga na bima.'"

Mokua aliweka kisu chini. "Soma tena hapo pa kuficha."

Akasoma tena.

"Mimi nimeficha? Yule kijana Brandon aliyetuuzia bima alikaa hapa hapa. Nilimwambia nina presha. Nilimpa kitabu changu cha kliniki, akakipiga picha na simu yake."

"Nakumbuka, Baba Linet. Mimi nilikuwa nampikia chai."

"Basi wameniita mwongo." Mokua alikuwa mzee wa kanisa la Sabato kwa miaka ishirini. Watu walimpa funguo za nyumba zao wakisafiri. "Iweke hiyo barua mbali. Sitaki kuiona."

"Hatuwezi kuuliza?"

"Tuulize nani? Kampuni ndiyo imesema. Sisi ni wakulima tu. Acha nizeeke na nyonga yangu."

Celestine hakubishana naye. Lakini wiki hiyo mvua ilinyesha sana. Alhamisi mchana alirudi kutoka shambani akamkuta Mokua kwenye njia ya choo, ameketi kwenye matope. Shati lake lilikuwa limelowa kabisa.

"Umeanguka lini?"

"Si sasa hivi."

"Kwa nini hukuniita? Nilikuwa hapo tu chini, ningekusikia."

Mokua aliangalia pembeni. "Umechoka, Celestine. Kutwa unachuma, halafu unarudi kunibeba mimi."

Hakuwa amemwita kwa jina hilo tangu walipopata mtoto. Celestine alipiga magoti matopeni, akamshika mabega. Mvua iliendelea kuwanyeshea wote wawili.

"Kukubeba sijachoka," alisema. "Nimechoka kunyamaza. Jumapili Persis akija, nitamwonyesha barua."

Persis alikuwa binti wa jirani yao. Alifanya kazi katika ofisi ndogo ya msaada wa kisheria pale Keumbu, na kila Jumapili alikuja kumwona mama yake. Aliisoma barua polepole, kisha akamgeukia Mokua.

"Mzee, fomu ya kujiunga ulijaza wewe mwenyewe?"

"Alijaza Brandon. Alisema ni ndefu, atanisaidia. Mimi niliweka sahihi."

"Uliisoma kabla ya kuweka sahihi?"

Mokua alikohoa. "Hapana."

"Mlibaki na nakala?"

"Hapana," Celestine alijibu. "Tulibaki na kalenda ya kampuni."

Persis alitabasamu kidogo. "Hamko peke yenu, mama. Wengi wanafanya hivyo. Lakini fomu ile ni maneno yenu mbele ya kampuni. Akijaza mtu mwingine, akusomee kila swali na kila jibu, ndipo utie sahihi. Kisha udai nakala."

"Sasa tumeshachelewa," Mokua alisema.

"Hapana, mzee. Mna haki ya kuomba nakala hata leo. Tutaiandikia kampuni tuombe fomu na mkataba wa bima. Katika barua hiyo hiyo tutalalamika kwamba kibali kimekataliwa bila haki."

"Na wakikataa tena?"

"Kampuni binafsi nayo ina msimamizi. Serikali imeweka Mamlaka ya Kusimamia Bima. Kampuni haiwezi kuuza bima bila leseni ya Mamlaka. Hata wakala anayekuja mlangoni lazima awe ameandikishwa huko. Mteja akidhulumiwa, anaweza kupeleka malalamiko yake kwa Mamlaka. Hakuna ada."

Mokua alifikiri. "Kwa hiyo watachukua upande wetu?"

"Hawachukui upande wa mtu, mzee. Watauliza kampuni, watatazama karatasi. Kama kweli ungekuwa umeficha ugonjwa, huenda wangesema kampuni ina haki. Ndiyo maana nakuuliza mbele ya mke wako: ulimwambia Brandon una presha?"

"Nilimwambia."

"Basi tuandike."

Waliandika siku hiyo hiyo. Mokua alisema maneno yake, Persis akayaandika. Aliyasoma yote kwa sauti kabla mzee hajaweka sahihi. Nakala moja ilibaki kwenye bahasha ndani ya sanduku la nguo.

Jibu la kampuni lilikuja baada ya wiki mbili. Kampuni haikubadili neno lolote. Mteja alificha ugonjwa. Lakini safari hii waliambatisha fomu.

Persis aliiweka juu ya meza. Kwenye swali la presha palikuwa na alama ya "hapana." Kwenye swali la kisukari, "hapana." Kwenye kila swali, "hapana," kwa mstari mmoja wa kalamu ulioshuka kutoka juu hadi chini.

"Yule kijana alikuwa na haraka," Celestine alisema.

Persis alifunua ukurasa wa mwisho, akausoma mara mbili. Kisha akaugeuza ili wazee waone. Ilikuwa picha ya kitabu cha kliniki. Jina la Mokua lilikuwepo, na vipimo vya presha vya miezi sita. Juu yake palikuwa na muhuri wa kampuni, wenye tarehe ya wiki ile waliyojiunga.

"Walikuwa nacho," Mokua alisema kwa sauti ndogo. "Siku zote walikuwa nacho."

"Walikuwa nacho, mzee. Hakuna aliyekisoma."

Mokua alifunika uso kwa mikono. Celestine alidhani analia kwa uchungu. Mokua alipoiondoa mikono, Celestine aliona anapumua kama mtu aliyetua mzigo.

Malalamiko yalipelekwa kwa Mamlaka pamoja na nakala zote: barua mbili za kampuni, fomu, picha ya kitabu, risiti. Kisha wakasubiri. Wiki zilipita. Kuna siku Mokua alisema wamesahauliwa, na Celestine akamwambia amenye ndizi. Persis alikuwa akipiga simu kuuliza hatua iliyofikiwa. Aliambiwa kampuni imetakiwa kueleza kwa maandishi kwa nini haikuangalia kitabu kilichokuwa mikononi mwake.

Mwezi wa tatu wa kusubiri, kampuni iliandika tena. Kosa la kujaza fomu lilikuwa la wakala wake. Kibali kimetolewa. Na chini kabisa: "Tunamwomba radhi Bwana Mokua."

"Nisomee hapo pa radhi," Mokua alisema.

Celestine alimsomea. Halafu akamsomea tena bila kuombwa.

Mokua alifanyiwa upasuaji Kisii. Linet alikuja kutoka Ogembo kumuuguza kwa zamu na mama yake. Muuguzi alimfundisha kutembea kwa magongo mawili, kisha kwa moja. Habari ilienea Gesima, na wanawake wa kikundi cha Celestine wakamwomba Persis aje kuwaeleza. Siku hiyo wenye bima walileta karatasi zao. Watatu waligundua hawakuwa na nakala ya fomu. Wote watatu waliiandikia kampuni yao wiki hiyo.

Jioni moja Celestine alirudi kutoka kituo cha majani chai akakuta nyumba kimya. Mokua hakuwa mlangoni. Hakuwa kitandani. Alikimbia hadi njia ya choo, hakumwona. Kisha akasikia sauti yake ng'ambo ya barabara, kwa jirani yao Ondieki. Alipanda mlima hadi huko, akamkuta ameketi na kikombe cha chai mkononi, akimweleza mwenzake habari za kusoma fomu kabla ya kuweka sahihi.

"Baba Linet! Nani amekuleta huku?"

"Hakuna."

"Umepandaje huo mlima peke yako?"

Mokua alishika gongo lake, akasimama polepole, akanyoosha mgongo ili amwone vizuri.

"Kwa miguu," alisema. "Njoo tunywe chai, halafu nikurudishe nyumbani."